Okidi tano zimenifia, na sasa naletewa nyingine kutoka msituni

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, naishi Upanga, Dar es Salaam, katika ghorofa ya tatu, na roshani yangu inaelekea magharibi. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwa miaka mingi kule Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na nje ya nyumba tuliyokulia palikuwa na mfenesi mkubwa ambao matawi yake yalibeba okidi nyeupe. Mchana hazikuwa na lolote, lakini giza likishaingia harufu yake ilijaa hadi ukumbini. Sikuwahi kujua jina lake. Tangu baba alipofariki nimekuwa na hamu kubwa ya kupata okidi nyumbani kwangu, hasa zile adimu ambazo si kila mtu anazo, na katika miaka miwili iliyopita nimenunua saba.

Tano kati ya hizo zimekufa. Mbili za kwanza nilizinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara zikiwa na maua ya zambarau, nikazihamishia katika udongo mweusi uliochanganywa na samadi, kama ninavyopanda mawaridi yangu, na zote mbili zikaoza kabla ya miezi miwili kwisha. Ya tatu niliitundika karibu na mashine ya nje ya kiyoyozi kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ndoano, ikakunjamana kama karatasi. Ya nne na ya tano niliuziwa na kijana mmoja anayeleta mimea kutoka misituni. Moja ilidumu miezi minane na hata ikatoa maua mazuri sana, nikafurahi nikidhani nimefaulu, kisha ikanyauka yote kuanzia chini. Mbili zilizobaki nimezipanda katika makumbi ya nazi. Zipo hai lakini hazikui, na juu ya makumbi pametanda ukoko mweupe. Nazimwagilia kila jioni nikitoka kazini, kwa maji ya kisima cha jengo letu.

Sasa kijana yule amenipigia simu. Anasema ana fungu kubwa la okidi ya chui, lililotolewa juu ya mti mkubwa, pamoja na viazi kumi vya okidi adimu kutoka nyanda za juu za Njombe, na vyote anavitaka kwa shilingi 180,000. Anasema nisipochukua mimi atachukua mwingine, na kwamba misitu yenyewe inakatwa mkaa, kwa hiyo ni heri mimea ikapate hifadhi kwangu. Wakati huohuo dada yangu anayeishi Uingereza anakuja likizo Desemba, na amenunua okidi ya Madagaska yenye maua meupe na mkia mrefu, ambayo anataka kuizungushia nguo na kuiweka ndani ya begi ili aniletee kama zawadi.

Naomba unishauri, Mama. Je, ninunue kwa kijana huyu? Je, dada aniletee? Na kwa nini kila ninachogusa kinakufa, ilhali mawaridi na michungwa yangu ya kwenye ndoo inastawi?

Mwanao, Upanga

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mzazi.

Nitajibu kwanza yale mawili yasiyoweza kusubiri. Usimpe kijana huyo fedha zako, na umwandikie dada yako leo asiufunge mmea ule ndani ya nguo. Sababu zake nitazieleza kwa urefu, lakini ni lazima nianze na mimea mitano iliyokufa, kwa kuwa vifo vyake vinaeleza karibu kila kitu ulichoniuliza.

Okidi nyingi tunazofuga majumbani, zikiwemo zile mbili za zambarau ulizoanza nazo, kwa asili haziishi ardhini. Huishi juu ya matawi ya miti bila kuunyonya mti wenyewe, zikipata maji kutokana na mvua na umande, na chakula kutokana na vumbi na majani yanayooza kwenye nyufa za magome. Mzizi wake umevikwa ganda jeupe linalofanana na sifongo, ambalo hunyonya maji kwa dakika chache na kisha linahitaji kupitiwa na hewa ili likauke. Mzizi wa namna hiyo ukifukiwa katika udongo mweusi wenye samadi, hukosa hewa na kuoza, na majani huanza kulegea kama mmea wenye kiu, jambo ambalo humfanya mwenye mmea aongeze maji na kuharakisha kifo chake. Mawaridi na michungwa yako imestawi kwa sababu ile ile iliyoua okidi zako: una mkono mzuri wa kulea mimea ya udongoni, na umeutumia kwa mimea ya mitini.

Ile ya tatu sina haja ya kuieleza sana. Mashine ya nje ya kiyoyozi hupuliza hewa kavu yenye joto saa nyingi mfululizo, na hakuna okidi inayoistahimili. Katika majengo ya ghorofa ya jiji letu hilo ni kosa la kawaida, kwa kuwa roshani zetu ni finyu na mashine hizo ndizo zimeshika nafasi. Zihamishie okidi upande wa pili wa roshani hata kama itakulazimu kutoboa ukuta upya.

Mbili ulizonunua kwa kijana wa msituni ndizo zinazonihuzunisha zaidi. Okidi inayong'olewa juu ya mti huacha sehemu kubwa ya mizizi yake ikiwa imeshikamana na gome, na iliyobaki huvunjika ndani ya gunia. Mizizi iliyokomaa ikishavunjika namna hiyo kwa kawaida haipati nafuu, na mmea hulazimika kusubiri mizizi mipya. Katika kusubiri huko hula akiba iliyo ndani ya majani manene na mashina yake yaliyovimba, akiba ambayo inaweza kuutunza kwa miezi sita, minane, hata mwaka mzima. Mara nyingi mmea ulio katika hali hiyo hutoa maua mengi kuliko kawaida, ukimwaga nguvu yake ya mwisho katika kutafuta mbegu. Maua yaliyokufurahisha yalikuwa ya mmea ambao tayari ulikuwa unakufa tangu siku ulipouziwa. Najua uchungu wake, kwa sababu zamani nami nililipia fungu la okidi ya chui lililoletwa juu ya baiskeli, likachanua vizuri kupita kiasi, na msimu uliofuata nikalitupa jalalani. Hadi leo najuta kwamba fedha yangu ndiyo iliyolitoa juu ya mti wake.

Hiyo okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, ni mmea wa ajabu. Mashina yake yamesimama kama miwa midogo, maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, na baadhi ya mizizi yake huota kuelekea juu, myembamba na yenye ncha kama sindano, ikatengeneza kitu kinachofanana na kiota ambamo majani makavu hudondokea na kugeuka mbolea. Fungu kubwa kama analolisema kijana huyo limechukua miaka mingi sana kufikia ukubwa huo. Kwa sababu ya kung'olewa na kuuzwa, na kwa sababu miti inayoibeba inakatwa, leo imo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo katika hatari ya kutoweka. Kutoa mazao ya aina hiyo ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na misitu iliyo jirani na jiji letu, kama Pugu na Kazimzumbwi, ni ya hifadhi. Kijana huyo hakukueleza fungu lilitoka mti gani wala msitu gani, na hukumuuliza.

Viazi vya Njombe ni jambo jingine kabisa, na hapo nitasimama kidogo. Okidi za nyanda za juu kusini, za jamii kama Disa, Satyrium na Habenaria, huota ardhini katika mbuga za majani, na chini zina viazi vidogo. Viazi hivyo ndivyo vinavyochimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili kuwa chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba kiazi hufukua mmea mzima, wala haachi kitu cha kuota mwaka unaofuata. Uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda wa Kitulo, ulioko huko huko nyanda za juu kusini na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ufanywe hifadhi ya taifa mwaka 2005, hifadhi ambayo ndani yake kuna aina zipatazo 45 za okidi za ardhini.

Sasa fikiria mahali mimea hiyo inapoishi. Kitulo iko kwenye urefu wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai usiku huwa na sakitu. Upanga iko karibu na ufukwe, na usiku wa Januari na Februari joto letu hukaa karibu na nyuzi 25. Zaidi ya hayo, okidi za ardhini nyingi huishi kwa ushirikiano na kuvu maalumu waliomo katika udongo wa kwao, na kuvu hao hawaji pamoja na kiazi ndani ya mfuko wa plastiki. Hata ungekuwa na kibali cha kila ofisi nchini, viazi hivyo visingekuwa na maisha kwenye roshani yako. Nadhani kijana anayekuuzia analijua hilo, na kama halijui, basi anauza asichokifahamu.

Kuhusu hoja yake kwamba usiponunua wewe atanunua mwingine, na kwamba misitu inakatwa mkaa, nasema hivi. Ni kweli miti mingi inaanguka. Katika mashamba ya Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo miti mikongwe hukatwa ili kupisha viwanja, na mingine huwa na okidi juu yake. Ukisikia mti wa namna hiyo unaangushwa kwenye shamba la mtu, ukapata idhini ya mwenye shamba, ukauliza pia ofisi ya misitu ya wilaya, ukachukua tawi zima pamoja na okidi iliyoshikamana nalo bila kuibandua, hapo umeokoa mmea. Lakini mti uliosimama msituni ukipandwa na mtu mwenye panga kwa sababu wewe umeahidi shilingi 180,000, hakuna kilichookolewa. Fedha yako itamtuma arudi kesho.

Huenda ukajiuliza kwa nini watu wasipande mbegu tu. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi, na ndani yake haina akiba ya chakula kama ile iliyomo ndani ya punje ya mahindi au kunde. Tunda moja huweza kuwa na maelfu kwa maelfu ya mbegu, na kwa spishi nyingine hufikia mamilioni, lakini msituni ni ile tu inayodondokea mahali penye kuvu wake inayoweza kuota. Kwa miaka mingi jambo hilo liliwashinda wakulima wa bustani, hadi mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alipochapisha njia ya kuotesha mbegu za okidi bila kuvu, ndani ya chupa safi iliyofungwa, juu ya jeli yenye sukari na madini. Tangu hapo okidi adimu huweza kuzaliwa kwa maelfu bila kugusa msitu. Miche hiyo hukaa chupani miezi mingi, kisha huchukua miaka, mara nyingi mitatu hadi saba, kabla ya kuchanua. Hiyo ndiyo sababu okidi halali ya spishi adimu huwa ghali na ndogo. Ukiletewa kubwa kwa bei ya kutupa, ujue iliyolipa gharama hiyo ni misitu.

Unaweza kuzitofautisha kwa macho. Okidi iliyokulia kitaluni huwa na mizizi iliyozunguka kwa umbo la chungu chake, majani safi yanayolingana, na muuzaji hukuambia jina lake lote na alikoitoa. Iliyong'olewa msituni huwa na mizizi iliyokatika ghafla, vipande vya gome au kuvumwani bado vimeganda, majani ya zamani yaliyotafunwa na wadudu upande mmoja, na muuzaji hukuambia tu kwamba ni adimu. Uliza. Mtu asiyetaka kuulizwa mmea umetoka wapi usinunue kwake, hata kama ua lake linapendeza namna gani.

Sasa nije kwa dada yako, ambaye ana nia njema kabisa. Kwa maelezo yako, mmea alioununua unaelekea kuwa Angraecum sesquipedale. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, baada ya kuona kwamba mkia wa ua hilo una urefu wa karibu sentimita 30 na utamu wake umo chini kabisa, aliandika kwamba huko Madagaska lazima pawepo nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho. Alicheka nani na aliamini nani hatuna haja ya kujua. Nondo mwenyewe alielezwa na wanasayansi mwaka 1903, miaka zaidi ya ishirini baada ya Darwin kufariki. Ua hilo ni jeupe na hunukia usiku, kwa sababu nondo huruka usiku na hufuata harufu na weupe. Bila shaka hata ile ya mfenesi wa baba yako ilikuwa na sababu hiyohiyo. Okidi nyeupe za Usambara zinazonukia usiku ni nyingi, hasa za jamii za Angraecum na Aerangis, na siwezi kukutajia jina bila kuliona ua. Kama mfenesi ungalipo na kuna mtu anayeishi hapo, mwombe akupigie picha likichanua. Picha inatosha.

Jambo la heri ni kwamba Angraecum sesquipedale kwao huishi nyanda za chini za mashariki mwa Madagaska, karibu na pwani, penye joto na unyevunyevu. Hali ya Dar es Salaam inaifaa kuliko inavyoifaa nyumba ya Uingereza yenye kipasha joto. Nisingependa uikose. Lakini okidi zote duniani zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, na Tanzania ni mwanachama. Ili mmea huo uvuke mpaka, hata kama ulizaliwa kitaluni, dada yako anahitaji kibali cha CITES cha kuutoa Uingereza na cheti cha afya ya mmea, na wewe huku unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, kabla haujasafirishwa. Aliyemuuzia, kama ni mkuzaji halisi, anazijua taratibu hizo na mara nyingi huwa tayari kusaidia. Kuna njia nyepesi kidogo: miche iliyomo bado ndani ya chupa za maabara, ya spishi za orodha ya pili kama hii, haihitaji kibali cha CITES, ingawa masharti ya afya ya mimea hubaki palepale. Ubaya wake ni kwamba utasubiri miaka mingi kabla ya kuona ua, na kumtoa mche chupani katika joto letu kunataka uzoefu ambao bado huna. Mimi ningemshauri dada yako auache mmea wake kwa jamaa anayeuelewa, aanze kuomba vibali sasa, na kama havitakuwa tayari Desemba, aulete safari nyingine. Mmea uliofichwa ndani ya nguo ukikamatwa uwanja wa ndege hutaifishwa, na usipokamatwa unaweza kuingiza wadudu au ugonjwa ambao mashamba yetu hayajaujua.

Wakati unasubiri, usidhani kwamba pwani yetu haina cha kukupa. Ipo Angraecum eburneum ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambayo jina lake la ziada, giryamae, limetokana na Wagiriama. Ina majani mapana magumu na maua meupe yenye ukijani, yanayonukia usiku. Ipo Aerangis kirkii, ndogo zaidi, ambayo jina lake linamkumbuka John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Unguja katika karne ya 19. Hizi zimeumbwa kwa joto letu na kwa pepo zetu. Zitafute kwa wakuzaji wanaozigawa kutoka kwenye mimea yao wenyewe au wanaoziotesha chupani. Jirani zetu wa Nairobi wana chama cha wapenzi wa okidi, Kenya Orchid Society, ambako watu wa namna hiyo hukutana. Ukinunua huko, vibali ni vilevile nilivyovitaja.

Unapotafuta okidi adimu, swali la kwanza liwe kama usiku wa kwao unafanana na usiku wa kwako. Mchana unaweza kuutengeneza kwa kivuli na maji, lakini baridi ya usiku wa mlimani huwezi kuileta Upanga. Hata zile okidi za dukani za jamii ya Phalaenopsis, ambazo ni za nchi za joto, huhitaji majuma kadhaa ya ubaridi kidogo ili zitoe shina la maua, na ndiyo maana kwetu hukaa kimya kipindi cha kaskazi na kuamka wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, usiku unapoteremka hadi karibu na nyuzi 20. Aliyezitupa mwezi Februari kwa sababu hazichanui alikosa subira ya miezi michache tu.

Nimalizie kwa zile mbili ulizonazo, kwa kuwa ndizo zinazokuhitaji leo. Ule ukoko mweupe ni chumvi. Visima vingi vya maeneo yaliyo karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvi, na kila jioni unapomwagilia, maji hukauka na chumvi hubaki. Huenda pia makumbi yenyewe yalikuwa na chumvi tangu mwanzo, kwa sababu katika pwani yetu makumbi hufukiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi kabla ya kupondwa ili kutoa usumba, na anayekuuzia vipande hakuelezi kama vilipita huko. Toa okidi zako taratibu, tupa makumbi hayo, na suuza mizizi kwa maji baridi ya mvua au ya bomba. Mzizi ulio mgumu ni mzima hata kama umebadilika rangi. Uliolegea na kuacha uzi tu katikati umekufa, ukate kwa kisu ulichokipitisha motoni, na ukipitishe motoni tena kabla ya kugusa mmea wa pili, maana virusi vya okidi huhama kwa visu. Juu ya kovu paka unga kidogo wa mdalasini, lakini usiumwage juu ya mizizi mizima kwa kuwa unaikausha.

Panda upya katika vipande vya mkaa wa miti vyenye ukubwa wa kidole gumba, vilivyooshwa hadi maji yatoke safi, ndani ya chungu chenye matundu mengi au kikapu cha waya. Ukitaka kuongeza makumbi, yaloweke siku tatu na ubadilishe maji kila siku. Tundika neti ya kivuli upande wa magharibi wa roshani, kwa kuwa jua la kuanzia saa nane mchana ndilo linalounguza majani. Mwagilia asubuhi kabla ya saa tatu, usimwagilie jioni, ili maji yaliyotuama katikati ya majani yakauke kabla ya usiku. Mzizi wenyewe utakuongoza: ukiwa mweupe una kiu, ukiwa wa kijani umeshiba. Januari na Februari huenda ukamwagilia kila siku. Masika yakianza, zisogeze mahali ambapo mvua haizipigi siku nzima, na tega ndoo kwenye ukingo wa roshani ujaze madumu, kwa sababu hayo ndiyo maji bora utakayoyapata mwaka mzima. Vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofanana na pamba, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mbolea usiweke kwanza. Subiri hadi uone mzizi mpya wenye ncha ya kijani inayong'aa, kisha tumia mbolea ya maji kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki.

Na Angraecum ya dada yako itakapofika na vibali vyake, usiibadilishe chungu kwa haraka, kwa sababu haipendi mizizi yake kuguswa. Siku itakapochanua, mchana hutasikia harufu yoyote. Itundike karibu na dirisha la ukumbi, na baada ya magharibi zima kiyoyozi, ufungue dirisha.